Mkutano wa saa kumi na mbili na mtoto wa miezi minane

Mama wa Mikanjuni
Habari za jioni wapendwa. Nipo Tanga, naandika programu nikiwa nyumbani, mwajiri wangu yuko Ujerumani. Mwanangu wa kwanza ana miezi minane.

Mpaka Oktoba tulikwenda vizuri. Mkutano wa kila siku ni saa kumi jioni ya Berlin, kwetu ilikuwa saa kumi na moja. Nikimaliza namwogesha, anakunywa uji, analala. Jumapili ya mwisho ya Oktoba wenzetu wa Ujerumani wakarudisha saa nyuma kwa saa moja, kama wafanyavyo kila mwaka, huku kwetu saa hazibadiliki, basi mkutano ukaangukia saa kumi na mbili. Ndiyo saa anayotaka ziwa na usingizi.

Juzi naeleza hitilafu ya malipo, mtoto nimemfunga kanga mgongoni, analia mpaka sauti imemkauka. Nikazima maiki mara tatu kabla sijamaliza sentensi moja. Baadaye kiongozi wa timu akaniandikia kwamba nionyeshe umakini zaidi. Niliumia sana. Siku hiyo niliamka saa kumi alfajiri nikafanya kazi hadi kunakucha, na hitilafu hiyo niliitatua mimi.

Mume wangu ana zamu bandarini. Mama mkwe anasema niache kazi mpaka mtoto atembee. Mimi kazi hii naipenda, nimeisotea. Mnafanyaje wenzangu?

Mama Mapacha, Raskazone
Pole sana shoga yangu, na hongera kwa mtoto. Hilo la saa limenikuta. Usiwaandikie kwamba umeelemewa, waandikie saa. Waambie: kuanzia sasa hadi Machi watakaposogeza saa mbele, naomba mkutano uwe saa tisa ya kwenu. Kwao ni kusogeza saa moja tu, kwako ni jioni nzima ya mtoto.

Kingine: mtoto akilia usikurupuke. Kabla hujainuka andika mstari mmoja palepale ulipoishia, kwa Kiswahili chako: "nilikuwa naangalia kwa nini jumla inakuja sifuri". Mimi nilikuwa nikirudi baada ya kunyonyesha wawili, nakaa nusu saa nzima najiuliza nilikuwa nafikiria nini. Mstari ule ndio uliniokoa.

Kaka wa Chumbageni
Dada, mkataba wako ni wa ajira chini ya sheria za hapa, au unalipwa kwa kazi kama mtu wa nje? Ni muhimu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 inampa mama siku 84 za likizo yenye malipo, 100 akijifungua zaidi ya mtoto mmoja, na baada ya hapo anaruhusiwa kunyonyesha ndani ya saa za kazi, hadi saa mbili kwa siku. Kama ni mkataba wa kazi kwa kazi, kinga hiyo usiitegemee, yaandikishe kwenye mkataba unaofuata.

Baba Wawili, Makorora
Shemeji, mimi nami kazi yangu ni seva, zile kompyuta zinazoendesha mifumo. Sheria hiyohiyo inatupa sisi akina baba siku 3. Siku ya nne nikawa kazini, mke wangu hata kukaa vizuri bado. Naliona hilo kosa mpaka leo. Kaa na mumeo mpange kwa ratiba yake ya zamu: siku ambazo yupo, saa kumi na mbili mtoto ni wake, kuoga, uji na kubembeleza. Atalia siku mbili tatu za mwanzo. Mvumilie.

Mama wa Mikanjuni
Ahsanteni sana. Kaka, nimeangalia: ni kazi kwa kazi, unaisha Februari, nitalidai hilo. Mkutano wamekubali saa tisa, isipokuwa Alhamisi. Alhamisi hii mume wangu yupo. Nimemwonyesha kikombe cha uji na ile kanga ya bluu, bila hiyo mtoto hapati usingizi.