Chipukizi wa hoki ya barafuni: akishateuliwa na timu, anakwenda wapi?

Mwalimu wa Mbale ameuliza:

Ndugu wasomaji, salaam. Ninafundisha mpira wa magongo katika shule ya sekondari hapa Mbale, ule wa uwanja wa kawaida tunaoufahamu, si wa barafuni. Binamu yangu anayeishi Kanada amenivuta nianze kufuatilia ligi ya NHL, ile ligi kuu ya hoki ya barafuni ya Kanada na Marekani, na mchezo wenyewe nimeuelewa upesi kuliko nilivyotarajia, ila kuna jambo linanitatiza. Kila mwaka, majira ya Juni, timu hukutana na kuteua vijana wa miaka kumi na minane, mmoja baada ya mwingine, kwa shangwe kubwa. Msimu unapoanza Oktoba, karibu wote hawamo katika vikosi vya timu zilizowateua. Je, wanapelekwa wapi, nani anawafundisha, na timu inapata faida gani kumteua kijana ambaye pengine itamngoja miaka minne?

Ninauliza pia kwa sababu ya kazi yangu. Huku kwetu mchezaji akimaliza kidato cha sita, klabu za Kampala humchukua au humwacha, na anayeachwa mara nyingi hutundika gongo. Ningependa kujua kama katika utaratibu wao kuna la kuiga, au kama ni mambo ya wenye fedha tu.

Bin Bombo amejibu:

Mwalimu, salaam zimefika. Siku ya uteuzi timu haipati mchezaji, bali hupata haki ya kufanya naye mkataba peke yake ndani ya ligi hiyo. Kijana aliyeteuliwa na Toronto hawezi kusaini Montreal hadi haki hiyo iishe au Toronto iihamishe, na muda wake umekuwa ukitegemea mahali anapocheza: miaka miwili kwa aliyetoka ligi za vijana za Kanada, minne kwa wengi wa Ulaya, na kwa mwanafunzi wa chuo kikuu cha Marekani hadi amalize masomo yake. Ndiyo maana Oktoba humwoni. Amerudi alikotoka, anaichezea timu yake ya zamani, na walioteua jina lake wanamfuatilia kwa karibu, mara nyingi wakiwa bado hawajaanza kumlipa mshahara.

Utaratibu huu ulianza mwaka 1963 mjini Montreal, ligi ilipokuwa na timu sita tu, na siku hiyo waliteuliwa vijana 21. Kabla ya hapo klabu kubwa zilidhamini timu za vijana na kuwafunga watoto kwa ahadi wangali wadogo, hivyo mwenye mfuko mnene ndiye aliyevuna. Leo timu ni 32 na raundi ni saba, yaani nafasi zipatazo 224 kila mwaka. Anayestahili ni kijana atakayekuwa ametimiza miaka 18 kufikia tarehe 15 Septemba ya mwaka huo, na mpaka huo hauna huruma: Auston Matthews alizaliwa tarehe 17 Septemba 1997, akalazimika kungoja mwaka mzima, akaenda kucheza na watu wazima mjini Zurich, Uswisi, na mwaka 2016 Toronto ikamteua wa kwanza kabisa.

Timu zilizofanya vibaya ndizo zinazoteua mapema, lakini ili pasiwepo timu ya kujiachia kufungwa makusudi, tangu mwaka 1995 huchezeshwa bahati nasibu miongoni mwa zilizokosa michuano ya mtoano. Kwa kanuni za karibuni, iliyoshika mkia ina uwezekano wa asilimia 25.5 tu wa kupata nafasi ya kwanza, ingawa haiwezi kuteremka chini ya nafasi ya tatu. Nafasi zenyewe ni mali. Timu hubadilishana hata nafasi za miaka ijayo, na si ajabu inayowania kombe kutoa uteuzi wake wa raundi ya kwanza ili ipate beki mzoefu.

Nyuma ya siku hiyo kuna kazi ya mwaka mzima ya wasaka vipaji, watu wanaozunguka kutoka Saskatchewan hadi Finland wakiketi katika viwanja vidogo vyenye baridi. Ligi ina ofisi yake inayotoa orodha za viwango, wa Amerika Kaskazini wakitengwa na wa Ulaya, na makipa wakiwekwa peke yao, lakini kila timu huandaa orodha yake ya siri. Wanatazama namna kijana anavyoteleza, anavyojipanga kisahani, ambacho ndicho mpira wao, kikiwa mbali naye, na anachofanya mara tu baada ya kunyang'anywa. Vipimo vya nguvu na pumzi vya mwezi Juni mjini Buffalo huja mwishoni, na kwa maoni yangu mashabiki huvipa uzito kuliko vinavyostahili.

Dada wa Jinja amejibu:

Namshukuru Bin Bombo, ila ningeomba tusikae sana mlangoni. Uteuzi hupendwa kwa sababu huonyeshwa kwenye televisheni. Kazi yenyewe ni miaka mitatu au minne inayofuata, na hapo ndipo timu zinapopishana.

Tazameni Edmonton. Iliteua wa kwanza miaka mitatu mfululizo, Taylor Hall mwaka 2010, Ryan Nugent-Hopkins mwaka 2011 na Nail Yakupov mwaka 2012, lakini hadi ilipofika 2017 ilikuwa imekaa misimu kumi bila kuonja mtoano. Kila mmoja wa vijana hao aliingia timu kubwa katika msimu wake wa kwanza, na timu yenyewe ilikuwa dhaifu, makocha wakibadilishwa kila mara, nao wakabebeshwa mzigo wa kuiokoa. Nugent-Hopkins alidumu hapo. Yakupov alikuwa ameshaondoka NHL kabla msimu wa 2018 haujaanza. Sisemi kwamba kungoja kungemwokoa, kwa kuwa hilo haliwezi kuthibitishwa. Nasema hakupata mahali pa kukosea bila umati mzima kumhesabia.

Kwa upande mwingine, Detroit ilimteua Pavel Datsyuk mwaka 1998 akiwa wa 171, na mwaka uliofuata ikamteua Henrik Zetterberg akiwa wa 210, nafasi ambazo timu nyingi huzichukulia kuwa za kubahatisha. Haikuwaita mbio. Datsyuk alibaki Urusi hadi 2001 na Zetterberg alibaki Uswidi hadi 2002, kila mmoja akicheza na watu wazima katika ligi ya nyumbani kwao, na mwaka 2008 wote wawili walikuwa nguzo za kikosi kilichotwaa Kombe la Stanley, yaani ubingwa wa NHL, Zetterberg akitajwa mchezaji bora wa mtoano. Wengi husifu jicho la wasaka vipaji wa Detroit, nami silipingi jicho hilo, lakini kulikuwa na subira pia, na subira ni rahisi kwa timu inayoshinda kwa sababu haina pengo la kuziba kwa pupa.

Sasa swali lako la wapi. Wengi hupitia ligi ya AHL, iliyo ngazi moja chini ya NHL na yenye timu 32, kila moja ikiwa imefungamana na timu moja ya NHL. Kwa kawaida kocha wa huko hufundisha mfumo uleule wa timu kubwa, ili kijana akipandishwa asilazimike kujifunza upya mahali pa kusimama, na humpa dakika nyingi za kucheza, jambo ambalo juu asingelipata. Mfano ninaoupenda ni Tampa Bay. Ondřej Palát aliteuliwa mwaka 2011 akiwa wa 208, akapitia timu za AHL za Norfolk na kisha Syracuse chini ya kocha Jon Cooper, na mwaka 2013 Cooper mwenyewe akapandishwa kuifundisha Tampa, kwa hiyo mwalimu na mwanafunzi walipanda ngazi ileile. Palát, pamoja na Nikita Kucherov aliyekuwa wa 58 mwaka huohuo wa 2011 na Brayden Point aliyekuwa wa 79 mwaka 2014, walinyanyua kombe mwaka 2020 na tena 2021.

Kuna kanuni za mikataba zinazoelekeza uamuzi huu, na bila kuzijua mtu hawezi kuelewa kwa nini kijana huonekana wiki chache kisha hutoweka. Mkataba wa kwanza wa mwenye miaka 18 ni wa miaka mitatu, lakini akicheza michezo isiyozidi tisa ya NHL katika msimu, mwaka huo hauhesabiwi na mkataba husogezwa mbele. Basi timu humjaribu kwa michezo hiyo, ikaona kama kweli ameiva, kisha humrudisha. Ila anarudi wapi? Kwa miaka mingi makubaliano kati ya NHL na ligi za vijana za Kanada yalikataza mchezaji wao wa chini ya miaka 20 kupelekwa AHL, hivyo aliyewazidi wenzake huko, lakini hajatosha juu, alikwama katikati. Makubaliano mapya ya kazi yaliyofikiwa mwaka 2025 yanalegeza sharti hilo kidogo kwa wenye miaka 19, na Novemba 2024 vyuo vikuu vya Marekani viliamua kuwapokea waliocheza ligi hizo za Kanada, jambo lililokuwa marufuku. Huo sasa ni mlango mwingine.

Kuhusu nani anawafundisha: timu huajiri makocha wa maendeleo, mara nyingi wachezaji wastaafu, ambao kazi yao ni kuwafuata vijana huko huko waliko. Hukaa na kijana siku chache, hupitia naye vipande vya video vya michezo yake, hushauriana na kocha wake wa pale bila kumwingilia, huangalia chakula na mazoezi ya nguvu. Kiangazi huwakusanya wote kambini kwa siku chache. Makipa huhitaji muda mrefu kuliko wote. Pekka Rinne aliteuliwa na Nashville mwaka 2004 akiwa wa 258, akasota katika timu ya AHL ya Milwaukee misimu kadhaa, na hakukabidhiwa lango la timu kubwa hadi msimu wa 2008–09, akiwa na miaka 26.

Mwalimu wa Mbale amejibu:

Dada, ahsante sana. Hilo la kocha kumfuata kijana alipo ndilo sikulijua kabisa, maana nilidhani anayerudishwa anasahauliwa hadi aitwe. Naomba kuuliza mawili zaidi. Je, klabu zetu zikikubaliana kuteua wahitimu wa shule kwa zamu, dhaifu ikianza, haitasaidia? Na yule asiyeteuliwa kabisa, mwisho wake nini?

Mzee wa Koboko amejibu:

Mwanangu Mwalimu, la kwanza nalijibu mimi. Uteuzi wa zamu umefanyizwa kwa ajili ya ligi iliyofungwa, ambamo timu ya mwisho haishuki daraja, bali hubaki palepale mwakani ikiwa na nafasi nzuri ya kuteua. Katika ligi yenye kushuka daraja, kama ya mpira wa miguu hapa kwetu, ya mwisho inaondoka, na kuipa kipaji bora cha mwaka ni kumshusha kijana pamoja nayo. Isitoshe, kule haki ya timu juu ya mchezaji inalindwa na mkataba wa pamoja kati ya ligi na chama cha wachezaji. Sisi tungebaki na kijana aliyefungwa na klabu isiyomlipa, bila mtu wa kumtetea.

La kuiga ni lile la kumfuata. Klabu ya Lugogo, Kampala, ikiwa na majina ya wahitimu ishirini walioachwa, na mtu mmoja wa kuwatazama mara moja kwa muhula huko Mbale, Jinja au Soroti, hilo halihitaji utajiri wa Toronto. Linahitaji nauli na daftari. Katika daftari hilo andika na tarehe ya kuzaliwa. Huko Kanada iligunduliwa zamani kwamba katika timu teule za watoto waliozaliwa miezi ya mwanzo ya mwaka huwa wengi kupita kiasi, kwa sababu mwaka wa kuhesabu umri huanza Januari na mkubwa kwa miezi kumi huonekana hodari. Hapa kwetu, ambako umri wa mashindano ya shule wakati mwingine ni wa kwenye karatasi tu, tofauti huwa ya miaka, na mdogo wa kweli ndiye anayeachwa.

Nanyi mnaodhani magongo ni mchezo mgeni kwetu, Uganda ilipeleka timu ya magongo kwenye Olimpiki ya Munich mwaka 1972, mwaka uleule Amin alipowafukuza Waasia, ambao miongoni mwao walikuwamo wengi wa waliokuwa wakiucheza na kuufundisha.

Bin Bombo amejibu:

Na la pili: asiyeteuliwa akiwa na miaka 18 anaweza kuteuliwa mwaka unaofuata, au hata wa baada yake, na timu kadhaa hupenda kuwateua hao wa miaka 19 na 20 katika raundi za mwisho kwa kuwa miili yao imeshakomaa na makosa yao yanajulikana. Akipita umri huo bila kuteuliwa huwa huru kusaini popote, na wengi huanza kwa mwaliko wa kambi usio na ahadi yoyote. Tyler Johnson, aliyekuwa pamoja na Palát kule Norfolk na Syracuse na katika vikombe vyote viwili vya Tampa, hakuteuliwa. Martin St. Louis naye hakuteuliwa, kwa sababu alionekana mfupi mno. Mwaka 2004 alitwaa kombe na Tampa na akatajwa mchezaji bora wa ligi nzima. Februari 2022 Montreal ilimkabidhi timu yake kama kocha, na miezi michache baadaye ikateua wa kwanza, Juraj Slafkovský, ili aje afundishwe naye.