Namba moja ya "Butter": ilipendwa au ilinunuliwa?

Mwanzisha mada

Wakuu, nimebishana na mwenzangu ofisini tangu asubuhi, nimeona bora nilete hapa. BTS, lile kundi la vijana wa Korea Kusini, walitoa "Butter" Ijumaa ya tarehe 21 Mei 2021. Kibao kikaingia moja kwa moja namba 1 kwenye Hot 100 ya Billboard, chati kubwa ya Marekani, na kwa jumla kikakaa pale wiki 10. Mimi nasema namba ile ilinunuliwa. Sisemi rushwa, nasema pochi za mashabiki.

Wiki ya kwanza ziliuzwa nakala 242,800. Mwaka 2021 nani bado alikuwa ananunua wimbo mmojammoja? "Good 4 U" ya Olivia Rodrigo ilikuwa inasikilizwa zaidi mtandaoni, na bado ikawekwa chini. Halafu mauzo yakitaka kupoa tu, inaletwa remiksi: Hotter tarehe 28 Mei, wiki moja mbele Sweeter na Cooler, Agosti akaitwa rapa wa Marekani, Megan Thee Stallion. Bei ikashushwa hadi senti 69. Shabiki yuleyule, wimbo uleule, ananunua mara ya tano. Huo ni mnada jamani.

Mchangiaji 2

Mkuu, umeanzia hadithi katikati. Rudi 2012. "Gangnam Style" ya Psy, Mkorea mwingine, ilipigwa hadi kwenye harusi za kwetu, na tarehe 21 Desemba ikawa video ya kwanza YouTube kutazamwa mara bilioni 1. Hot 100 ikampa nini? Namba 2, wiki 7, basi. YouTube ilikuwa haihesabiwi, Billboard walianza kuihesabu Februari 2013. Redio ndiyo ilikuwa na uzito, na huko bendi ya Marekani, Maroon 5, walimwacha mbali.

Mashabiki wa BTS, hao ARMY, wakajifunza. Mtangazaji wa redio huwezi kumshika mkono, lakini kununua kunahesabiwa, tena kwa uzito. Wakacheza kwa kanuni walizozikuta.

Na kama tatizo ni hela, mwaka 2005 kampuni ya muziki ya Sony BMG ilikubali kulipa dola milioni 10 kumaliza uchunguzi wa mwanasheria mkuu wa New York, kuhusu vizawadi walivyopewa watu wa redio ili wapige nyimbo zake. Leo shabiki akitoa senti zake mwenyewe ndiyo imekuwa dhambi?

Mchangiaji 3

Niongee kama shangazi. Mei ile mpwa wangu alikuwa kidato cha tatu. Usiku simu iko kwenye chaji, inacheza yenyewe. Kwenye mlango wa kabati alibandika karatasi ya daftari: usirudie wimbo mfululizo, weka nyimbo nyingine katikati, usizime sauti. Bando la wiki liliisha siku ya pili, akaja kuniomba hela ya jingine. Nikajifanya mjuaji, nikamwambia Hot 100 inahesabu wa Marekani tu. Akanijibu bila kuinua macho: "Najua shangazi. Hii ni ya YouTube."

Wakubwa wenye kadi za benki walikuwa wanawatumia pesa wenzao walioko Marekani wawanunulie. Sasa mimi sigombani na chati. Kampuni nyingine kazi hiyo ya promosheni hulipia. Hii ya BTS ilikuwa imeshaingia soko la hisa la Seoul tangu Oktoba 2020, na kazi inafanywa usiku kucha na mtoto mwenye mtihani wa hesabu asubuhi.

Mchangiaji 2

Shangazi, hakuna aliyemlazimisha. Mbona watu wananunua jezi mpya kila msimu?

Mchangiaji 3

Jezi unaivaa, mwanangu.

Mwanzisha mada

La redio nakubali, umenibana. Ila nijibuni hili. Julai walitoa "Permission to Dance", ikaingia namba 1, "Butter" ikaporomoka hadi 7. Wiki iliyofuata "Butter" ikarudi 1! Wimbo unaopendwa na umma haupandi na kushuka hivyo kama lifti. Hapo hela ilihamishwa kwenda huku, kisha ikarudishwa kule. RM mwenyewe, kiongozi wa BTS, alipoulizwa na Billboard mwaka ule, alisema kama wana shida na maana ya namba 1, ni juu yao kubadilisha kanuni. Na mwanzoni mwa 2022 wakabadilisha: nakala moja ya kupakua kwa mnunuzi kwa wiki, zaidi ya hapo haihesabiwi.

Mchangiaji 2

Wakabadilisha baada ya Wakorea kushinda. Muda wote huo walikuwa wapi?

Mwanzisha mada

Hapana. Julai 2020, kabla hata "Dynamite" ya BTS haijatoka, walitangaza kwamba albamu zinazofungwa pamoja na fulana na tiketi hazitahesabiwa tena kama zamani. Ujanja huo ulikuwa wa Wamarekani wenyewe.

Mchangiaji 3

Mpwa wangu kapita hapa, kasoma yote. Anasema mmesahau kaseti za "Butter".