Apdeti imeharibu ligi ya kibanda changu na waliotengeneza gemu wako kimya. Nifanyeje?

DadaWaBarabaraYa12

Wakuu, salaam. Naomba ushauri wa kweli, maana vijana wangu wananitazama mimi na sina jibu la kuwapa.

Nina kibanda cha gemu hapa Ngamiani, Tanga. Mashine ni PS4 za kawaida, yaani PlayStation 4 za Sony, na gemu linaloleta wateja ni la mpira. Jina lake sitalitaja, sitaki uzi ugeuke ugomvi wa lipi bora. Vijana wana ligi yao inayochezwa humo humo. Timu wamezihariri wenyewe: Coastal Union ipo, African Sports ipo, na timu za mitaa ya kwetu. Nembo waliziingiza kwa flashi, wachezaji wakawapanga mmoja mmoja, urefu wake, mguu anaotumia, mpaka mtindo wa nywele. Kuna kijana wa Makorora alikaa na kipa wa African Sports, Wana Kimanumanu, hadi sura ikafanana kweli. Huo ni usiku mwingi wa kazi ya watoto wa watu.

Sasa imekuja apdeti mpya, mashine ikajishushia yenyewe usiku. Tangu hapo kipindi cha kwanza kinakwenda vizuri, lakini kipindi cha pili, hasa ukibadilisha mchezaji, picha inaganda. Kelele za mashabiki zinaendelea, mpira umesimama hewani, pedi haisikii. Halafu gemu linakutupa nje na kuandika CE-34878-0. Aliyekuwa anaongoza mbili bila anadai mia tano yake, aliyekuwa nyuma anadai mechi irudiwe, na wote wana haki. La pili ni faili la ligi kwenye mashine kubwa. Ukilifungua linasema data imeharibika.

Kinachoniuma kuliko vyote ni kimya chao. Nimewaandikia kwenye sehemu ya msaada, nikaletewa jibu lililopikwa zamani: zima, washa, futa gemu, pakua upya. Kupakua upya gemu zima kwa bando la huku ni mauzo ya siku nyingi. Na kwenye kurasa zao kila siku wanatangaza viatu vipya na kadi za wachezaji, huku chini watu wanalalamika jambo hili hili na hakuna anayewaambia hata "tumeona".

Nirudi toleo la zamani? Ligi inaokoleka? Na nikitaka kuwaandikia mpaka mtu mwenye akili zake asome, naandikaje? Mashindano ya vijana yanakaribia na zawadi zimeshachangwa.

Fundi_Chumbageni

Pole sana dada. Kabla ya yote, usifute kitu. Wala gemu, wala faili la ligi, wala akaunti.

Chomoa intaneti kwenye mashine zote sasa hivi. Kisha kila mashine ingia Settings, halafu System, halafu Automatic Downloads, ondoa alama ya vema kwenye apdeti za programu. Hapo hakuna kitakachojishusha tena usiku bila ruhusa yako.

Baada ya hapo nakili mafaili. Rudi Settings, ingia Application Saved Data Management, chagua yaliyo kwenye mashine, nakili kwenda kwenye flashi. Fanya hivyo kwa kila mashine, kila moja na flashi yake au folda yake, usichanganye. Faili lililoandikwa limeharibika huenda likakataa kunakiliwa. Likikataa, liache hapo hapo lilipo.

Nijibu mawili: gemu lako ni la diski au ulilinunua mtandaoni? Na timu mlizohariri ukizifungua nje ya ligi zinaonekana?

MgosiMwenyewe

Mimi naona mnawabembeleza hawa watu. Wanatuuzia kitu kibovu, wanakula hela, wanakaa kimya. Tuingie wote tuwape nyota moja mpaka wasikie. Watu wa Tanga tukiamua jambo tunaamua.

DadaWaBarabaraYa12

@Fundi_Chumbageni ni diski zote, nilizinunua dukani. Timu nimejaribu mashine moja, zinaonekana! Ila ligi haifunguki.

@MgosiMwenyewe nakuelewa kaka, hasira ninazo hata mimi. Ila nyota moja haitanifungulia kibanda kesho.

Fundi_Chumbageni

Alhamdulillahi. Magemu mengi ya mpira huweka timu mlizohariri kwenye faili lake na ligi kwenye faili jingine. Kwa hiyo kazi ya vijana ipo. Hilo faili la timu linakili mara mbili, flashi moja ikae nyumbani kwako, isikae kibandani.

Kwa kuwa una diski, una njia ambayo mwenye gemu la mtandaoni hana. Yeye akifuta na kupakua anapewa toleo jipya tu. Wewe ukifuta gemu na kulisakinisha upya kutoka kwenye diski bila intaneti, linarudi toleo lililochapwa kwenye diski. Kufuta gemu hakufuti mafaili yaliyohifadhiwa, hayo yanakaa peke yake. Ila hapa pana mtego: faili ambalo toleo jipya limeshaliandika upya, toleo la zamani linaweza kukataa kulisoma. Ndiyo maana nimekwambia unakili kwanza. Anza na mashine moja tu, ile isiyo na kitu cha thamani. Timu zikifunguka, endelea na nyingine. Zikigoma, usiguse zilizobaki.

Kabla hata ya hilo, jaribu kupanga upya kumbukumbu za mashine. Izime kabisa, isiwe usingizini. Bonyeza kitufe cha kuwashia na ushikilie mpaka usikie mlio wa pili, kama sekunde saba hivi. Chomeka pedi kwa waya. Itakuja orodha, chagua namba 5, Rebuild Database. Haifuti magemu wala ligi. Lakini namba 6 na 7 usiziguse kabisa, hizo zinafuta mashine yote.

Mtoto_wa_Duga

Dada shikamoo. Mimi naandika programu, sio za magemu, ila kazi ni ile ile na makosa ni yale yale. Naomba nieleze kidogo kwa nini inatokea, halafu nikusaidie barua.

Hiyo CE-34878-0 inasema tu kwamba programu imeanguka, haisemi kwa nini. Inaweza kuwa diski kuu ya mashine imechoka, inaweza kuwa gemu. Lakini mashine zako zote zimeanza pamoja, baada ya apdeti, na zote kwenye kubadilisha mchezaji. Hiyo imetoka kwao.

Apdeti inarekebisha kimoja na kugusa kingine. Mtu ameongeza viatu vipya na nyuso mpya, vinakula kumbukumbu zaidi, na mahali pengine kabisa gemu linaishiwa nafasi linapotaka kumleta mchezaji wa akiba. Kwenye mashine mpya halionekani kosa. PS4 ya kwanza ilitoka 2013, na watengenezaji wengi siku hizi wanapimia zaidi kwenye mashine za kisasa. Nasema inaweza kuwa hivyo, siwezi kuona ndani ya gemu lao. Na hata wakishapata dawa, apdeti ya mashine kama hizi inapita kwanza kwa kampuni inayotengeneza mashine ikaguliwe ndiyo itoke. Kwa hiyo wiki moja au mbili za kusubiri marekebisho naweza kuzielewa.

Kimya siwezi kukielewa. Kuandika "tumeona gemu linaanguka mkibadilisha mchezaji kwenye PS4, tunalifanyia kazi, msiapdeti kama hamjaapdeti" hakuhitaji ukaguzi wa mtu yeyote. Ni sentensi moja, na ingekuokolea ligi.

Wapo wanaofanya vizuri. Mojang wenye Minecraft wana daftari la wazi la makosa, mchezaji yeyote anaandika, wengine wanapiga kura kwamba na wao limewapata, na unaona limefikia wapi.

BintiRaskazone

Naongezea hapo kwenye kimya. Mwaka 2016 gemu la No Man's Sky lilitoka likiwa pungufu ya yaliyoahidiwa, na watengenezaji wake, Hello Games wa Uingereza, wakanyamaza miezi. Watu walitukana mno. Novemba mwaka ule ule wakaleta apdeti kubwa ya bure, 2018 wakaleta kucheza pamoja kwa ukamilifu, na wanaendelea mpaka leo. Kazi ilirudisha heshima, ila ile miezi ya kimya watu hawajaisahau.

Na eFootball 2022 ndiyo inayotuhusu sisi wa mpira. Ilitoka tarehe 30 Septemba 2021, nyuso za wachezaji zikawa kituko, dunia nzima ikaona. Konami walioitengeneza waliomba radhi hadharani ndani ya siku chache. Toleo la 1.0 lililopangwa kutoka Novemba wakalisogeza mpaka Aprili 2022, na waliolipia mapema wakarudishiwa hela. Watu walikasirika, lakini angalau walijua wanasubiri nini.

MgosiMwenyewe

Na Cyberpunk 2077 je? Desemba 2020 lilikuwa bovu kwenye PS4 mpaka Sony wakalitoa dukani kwao mwezi ule ule na kurudisha hela za watu. Hilo lilitokea kwa sababu watu walipiga kelele. Narudia, nyota moja.

Mtoto_wa_Duga

Kaka Mgosi, kelele zina kazi yake na sikukatazi. Mei 2024 wachezaji wa gemu la Helldivers 2 kwenye kompyuta waliambiwa lazima wafungue akaunti ya PSN, mtandao wa PlayStation wa Sony, na kuna nchi na maeneo zaidi ya 170 ambako huduma hiyo haipo, wengi wetu Afrika tukiwemo. Wakaandika tathmini mbaya kwa maelfu, na ndani ya siku chache Sony wakaliondoa sharti. Lakini angalia, kila mtu alikuwa anasema jambo moja linaloeleweka. "Gemu takataka" haimfikishi mtu popote. "Linaanguka kipindi cha pili nikibadilisha mchezaji" mhandisi analichukua.

Dada, andika hivi, kisha nitumie faraghani nikuwekee kwa Kiingereza:

*Mashine: PS4 ya kawaida. Gemu la diski. Toleo la gemu: hapa weka namba. Kosa: CE-34878-0. Lilianza: baada ya apdeti ya mwisho, halikuwepo kabla. Jinsi ya kulipata: anza mechi ya watu wawili kwa timu zilizohaririwa, cheza mpaka kipindi cha pili, simamisha mchezo, badilisha mchezaji, rudi uwanjani. Linaganda, sauti inaendelea, kisha linafunga. Nimejaribu kwenye mashine zaidi ya moja. Nimeshazima na kuwasha, nimeshapanga upya kumbukumbu. Tafadhali nijibuni: mnalijua kosa hili?*

Namba ya toleo unaipata kwa kusimama juu ya picha ya gemu, bonyeza Options, kisha Information. Video usihangaike, PS4 inahifadhi dakika 15 za mwisho za mchezo. Likianguka tu, bonyeza Share uihifadhi. Kisha jaribu na timu ambazo hazikuhaririwa. Ukiona hizo hazigandi, waambie, hilo litawapunguzia kazi sana.

Lile swali la mwisho usiliache. Msaidizi anaweza kukupa jibu la kunakili kwa kila kitu, ila "mnalijua au hamlijui" inambidi amuulize mtu.

Chande_wa_Pongwe

Wa simu nasi tumo. Kwa Android fungua ukurasa wa gemu Play Store, bonyeza nukta tatu juu, ondoa alama ya kuapdeti yenyewe. Gemu la mtandaoni litakulazimisha siku moja, lakini angalau unasubiri siku mbili tatu usikie wenzako wanasemaje kabla hujachoma bando.

DadaWaBarabaraYa12

Wakuu, nimerudi na habari.

Nilifanya ile namba 5 kwenye mashine zote. Haikuondoa kuganda. Kisha nikachukua mashine ya pembeni, nikafuta gemu, nikasakinisha kwa diski bila intaneti. Timu zimefunguka! Vijana wamecheza mechi kamili na wachezaji wa akiba wote wameingia, hakuna kilichoganda. Yule wa Makorora alikwenda moja kwa moja kumtazama kipa wake, yupo na sura yake.

Tulijaribu pia timu zisizohaririwa kwenye toleo jipya, kama alivyosema Mtoto wa Duga. Zinaganda vilevile, kwa hiyo tatizo haliko kwa timu zetu. Nimeliandika kwenye barua. Video ninayo.

Ligi yenyewe haikufunguka kokote. Lakini matokeo yote huwa yanaandikwa kwenye daftari pale mezani, nani kamfunga nani na magoli mangapi. Tumekubaliana na vijana msimamo unaendelea kwa daftari na mechi zilizobaki tunazicheza kama mechi za kawaida. Mmoja tu ndiye hakupenda, kwa sababu orodha ya wafungaji ilikuwa ndani ya gemu na yeye ndiye aliyekuwa juu. Wenzake wanamhesabia upya kwa kumbukumbu na bado wanabishana.

Nimeamua mashindano yachezwe kwenye toleo la diski, bila intaneti. Mashine moja naiacha na toleo jipya kwa wanaotaka vikosi vya msimu huu, na nimebandika karatasi ukutani: ikiganda, mechi inarudiwa bure. Hiyo hasara nabeba mimi, ingawa haikustahili kuwa yangu. Barua naituma leo, na kila wiki nitawauliza tena kwa namba ile ile ya malalamiko, ili wasiseme ni mtu mpya.

Swali dogo kwa fundi: flashi ya pili mashine inaikataa, inasema haiitambui.

Fundi_Chumbageni

Hiyo imepangiliwa kwa mfumo wa kompyuta. Ipangilie upya iwe exFAT au FAT32, PS4 inasoma hizo mbili. Kama ina vitu vyako vihamishe kwanza, kuipangilia kunafuta kila kitu. Ukikosa kompyuta, njoo nayo kwangu Chumbageni kesho mchana, ni kazi ya dakika moja na sichukui hela.