MJADALA: Tusi la nguoni likitamkwa bila kulengwa mtu, kosa liko wapi?

Mzee wa Rangi Tatu (mleta mada)

Wakuu habari za saa hizi. Hii hoja inanisumbua muda sasa, naomba tuijadili kiutu uzima, na mods msiufunge uzi kabla hamjausoma maana humu nitataja matusi ila sitamtukana mtu.

Tumelelewa tukijua kuna maneno ukiyatamka tu, hata uko peke yako umejigonga kidole cha mguu kwenye kitanda usiku wa manane, ushakosea. Halafu kuna mengine unamwambia mtu mbele za watu, yanamvua utu wake wote, na hakuna anayesema umetukana kwa sababu hujataja kiungo cha mwili. Mimi naona hapo tunapima vibaya. Lile la nguoni lililorushwa hewani lisiwe kosa kabisa, na haya tunayoyaacha yapite kila siku ndo yangetakiwa yatukere.

Mfano ninao wa kuona kwa macho. Niko Mbagala Rangi Tatu asubuhi, konda anagombania abiria na konda mwenzie, wanaporomosheana yale ya mama zao, yote mnayoyajua, na kwa sauti. Ndani ya gari kuna wamama, wanafunzi, kuna na mzee wa kanzu na kofia yake. Hakuna aliyegeuza shingo. Mmoja tu alisema "konda punguza mdomo bana, tuchelewe kazini?" Basi tumeondoka, mbele kidogo mama mmoja akadai chenji yake ya mia mbili, konda hana, mama kakomaa anaitaka. Konda akainama akamwambia taratibu kabisa, "ndo maana huzai, mgumba wewe." Gari zima likanyamaza. Sijui alikuwa anamfahamu au alibahatisha, ila yule mama hakujibu neno, alivuta mtandio akafunika uso mpaka anashuka na mia mbili yake hakuiuliza tena. Sasa niambieni, tusi siku ile lilikuwa lipi? Maana mgumba ni neno la kawaida, unaliandika popote bila kuliwekea nyotanyota.

Na sheria yenyewe mkiisoma vizuri inanipa nguvu. Kanuni ya Adhabu ya Tanzania kifungu cha 89 kinazungumzia kumtolea mtu lugha chafu au ya matusi kwa namna inayoweza kuleta uvunjifu wa amani, adhabu miezi sita. Haina orodha ya maneno. Inaangalia umemwambia nani, namna gani, na itazaa nini. Shida ni sisi tunaokimbizana na maneno. Novemba 2018 BASATA, yaani Baraza la Sanaa la Taifa, walifungia wimbo wa Mwanza wa Rayvanny na Diamond, kelele kubwa ikawa juu ya neno Nyegezi walivyolichezea. Jamani Nyegezi ni mahali, kuna stendi ya mabasi pale, makonda wa Mwanza wanaliita kutwa nzima na hakuna mtoto aliyeharibika. Najua, najua, waliimba kwa kukonyeza. Lakini mkishakubali kwamba kilichokosea ni kukonyeza, basi neno mmeshaliachia huru.

Upande wa pili, 2016 kule Arusha kuna jamaa alihukumiwa miaka mitatu au faini milioni saba kwa kumwandika Rais Magufuli Facebook, na neno alilotumia ni "bwege". Bwege! Neno ambalo mke wangu ananiita nikisahau kuzima pampu ya maji. Kwa hiyo hata mahakama haikuhitaji neno la nguoni ili ione tusi, iliangalia ametajwa nani. (Kama hukumu ile ilikuwa ya haki au la huo ni uzi mwingine, msinihamishe.)

Nawasilisha.

Kibajaji

Mkuu yaani umeandika waraka mzima ili upewe kibali cha kutukana 😂😂 sema tu tukuruhusu

mama_wawili

Ni rahisi kusema ukiwa hulei. Mwanangu ana miaka mitano, kaokota neno huko anakocheza akaja kulitamka mezani mbele ya bibi yake mzaa baba. Hajui maana, hana nia, hajamlenga mtu, wali ulikuwa wa moto tu umemuunguza. Kwa kanuni yako hapo hakuna kosa. Ila mama mkwe hakumtazama mtoto, alinitazama MIMI. Hakusema kitu, aliendelea kula, na hadi leo akipiga simu lazima aulize "na huyo mjukuu wangu anacheza na nani siku hizi?" Wewe unaongelea nia, mimi naongelea jina la nyumba. Ukitukana barabarani watu hawasemi yule kijana kajigonga, wanasema yule ni mtoto wa nani.

Wakili wa Kijiweni

Mleta mada kifungu umekitaja vizuri ila umeruka jambo moja. Nia utaithibitisha vipi? Kila anayefikishwa mbele ya pilato anasema nilikuwa natania mheshimiwa. Neno lina mashahidi, nia haina. Ndo maana jamii inaweka mpaka kwenye neno, ni mpaka unaoonekana.

Angalia Afrika Kusini. Vicki Momberg alivunjiwa kioo cha gari akaibiwa, polisi weusi wakaja kumsaidia, yeye akawaporomoshea lile neno la kibaguzi ambalo wenzetu wanaliita neno la K. Mahakamani yakahesabiwa, mara 48. Machi 2018 akapigwa miaka mitatu, mmoja ukasimamishwa. Alichokuwa anawaza moyoni hakikumwokoa, neno lilikuwa na mashahidi.

Mzee wa Rangi Tatu

Wakili unanisaidia bila kujua. Neno alilofungwa nalo Momberg halina kiungo cha mwili hata kimoja. Angeyatukana yale matairi ya gari lake kwa matusi ya nguoni mara 48 polisi wangemsubiri amalize wachukue maelezo.

Mtoto wa Ng'ambo

Assalaam alaykum. Nyinyi wa bara mnaliangalia jambo hili kifupi. Huku Unguja watu wanajua kutukana na neno chafu hulisikii. Mtu anavaa kanga yake imeandikwa jina, anapita mbele ya mlango wako mara tatu, na jina lenyewe ni la heshima tu, ukilisoma wewe mgeni utaona mawaidha. Aliyelengwa keshaelewa na hapiki siku hiyo. Na mipasho ya taarabu ndo usiseme, miaka ya tisini huko kwenu Dar si mlikuwa mnajazana kwenye vikundi vya TOT na Muungano kwenda kuwasikiliza Khadija Kopa na Nasma Khamis wakirushiana? Watu walitunza pesa kwa tusi lililopigwa pasi likanyooka.

Lakini sikubaliani na mleta mada kwamba haya ya nguoni ni hewa tu. Maneno hayo yana pahala pake. Kwenye unyago wanawake wanayaimba wazi wazi, marehemu Bi Kidude kapiga msondo wake mpaka uzeeni na hayupo aliyemwita mtovu wa adabu, kwa kuwa ni ndani, ni wenyewe kwa wenyewe, na kuna kitu mwari anafundishwa. Likitoka nje ya ukumbi ule neno hilo hilo ni aibu. Neno na pahala, si neno na nia. Na mnaopenda kuleta dini, Suratul Hujurat aya ya 11 inakataza watu kudharauliana, kutiana ila na kuitana majina mabaya. Hayo ya nguoni hayakutajwa hapo ila majina yametajwa. Kila mtu ajipime, yule aliyezoea kumwita jirani "kiguru" asijione msafi kuliko kuli wa bandarini.

Kibajaji

"tusi lililopigwa pasi" hiyo naiba mkuu

Otis wa Umoja

Wasee wa Bongo niaje, acha nitie yangu kutoka Nairobi. Sisi tumeishi hii maneno. 2019 Ezekiel Mutua wa bodi ya filamu alikuwa anakimbizana na Wamlambez, ile ngoma ya kikundi cha Sailors, eti ichezwe kwa klabu na baa peke yake, nchi nzima ikawa inabishana kama vijana wameoza. Watoi walikuwa wanaitikia tu wakienda shule, wengine hata hawajui ni nini wanaitikia. Fine. Saa hiyo hiyo wanasiasa wako kwa jukwaa wanaongea Kiswahili kisafi kabisa.

Januari 2022 Mithika Linturi, seneta wa Meru wakati huo, alisimama Eldoret kwa rally akaambia watu waondoe "madoadoa". Hiyo ni Kiswahili ya darasa la tatu, chui ana madoadoa. Lakini mtu yeyote alikuwa Rift Valley 2007 anajua hiyo neno ilikuwa inamaanisha watu wa kabila zingine wanaoishi hapo, na nini kilifanyikia hao watu, nyumba zikachomwa. Jamaa akashikwa, na Aprili NCIC, ile tume ya utangamano wa kitaifa, wakatoa orodha ya maneno ya chuki, madoadoa ikawa ndani. Shida wakaweka hadi "hatupangwingwi" kwa hiyo list, ngoma ya kampeni, watu wakaenda kortini. So pia hiyo njia ya orodha ina wazimu yake. Mimi niko na mleta mada lakini nusu: hakuna mtu nyumba yake imewahi kuchomwa juu ya Wamlambez.

Nesi wa Zamu

Nafanya kazi leba. Nimetukanwa na kila aina ya tusi mnalolijua na mengine hamyajui, na wadada ambao nje ya ile chumba hata shikamoo wanainama. Hakuna nesi mwenye akili anayekasirika. Maumivu yanaongea. Kuna watafiti wa chuo cha Keele Uingereza, kina Richard Stephens, walitoa utafiti 2009, waliwachovya watu mkono kwenye maji ya baridi kali, wanaotukana wakavumilia muda mrefu kuliko wanaotamka neno la kawaida. Mimi sikuhitaji utafiti ila sawa.

Sasa nikwambieni kinachoniuma. Ni sisi. "Wakati mnafanya ulikuwa unalia hivi?" "Panua miguu, mbona kwake ulipanua?" Hayo wanaambiwa wanawake wakiwa kwenye uchungu na watu wenye sare nyeupe, na mtu akimaliza zamu anaenda kwaya. Mgonjwa akisema k* nesi anaandika kwenye faili "mama ana lugha mbaya". Nesi akisema hayo mengine hakuna faili linaloandika. Wamama wanarudi kliniki baada ya miaka mitatu, hawakumbuki walitukana nini, ila sentensi aliyoambiwa anaikumbuka neno kwa neno na sura ya aliyemwambia.

mama_wawili

@Nesi hapa umenigusa. Niliambiwa hilo hilo la pili, mimba ya kwanza. Sikumsimulia hata mume wangu.

Mzee wa Rangi Tatu

Nesi nilitaka kujibu hoja ya pahala ya ndugu yetu wa Ng'ambo ila wewe umeshaijibu. Leba ni pahala pa heshima kuliko ukumbi wowote, na tusi la nguoni limepita humo bila kumgusa mtu, lililogusa ni lile lisilo na neno baya hata moja.

Na utani je? Mzaramo na Mnyamwezi wake, mtani anaingia msibani anamsema marehemu alikuwa mchoyo, anazuia jeneza lisitoke mpaka apewe chochote, watu wamejaa machozi na wanacheka. Maneno yale yale akiyasema asiye mtani anatoka na ngeu. Kwa hiyo narudia, kinachoangaliwa ni nani kwa nani. Mama wawili, kuhusu mtoto, mfundishe asiliseme mbele ya bibi, hiyo ni adabu ya meza kama kutokula kwa mkono wa kushoto. Ila usimfundishe kwamba amefanya dhambi.

Binti Mkorofi

Wanaume mnajadili kana kwamba matusi yaliota shambani yenyewe. Hebu yahesabuni. Ya nguoni yote makubwa yanaenda kwa mama wa mtu au kwenye mwili wa mwanamke. Makonda wawili wanaume wanagombania abiria, wanaotukanwa ni wanawake wawili ambao wako majumbani kwao wanachambua mboga, hawajui hata kama kuna ugomvi. Halafu Mzee wa Rangi Tatu unasema lile "halijamlenga mtu" na abiria hawakugeuza shingo. Hawakugeuza kwa sababu wameshazoea, sio kwa sababu haliumi. Kwangu mimi linastahili kuudhi, na sababu si uchafu wa neno. Ni kwamba mmeamua kitu kichafu kuliko vyote duniani ni pale mlipotokea.

Ndo maana nilimwelewa sana Stella Nyanzi wa Uganda. 2017 alimwita Museveni makalio akawekwa ndani, 2018 akaandika shairi juu ya uke wa mama yake rais, Agosti 2019 akahukumiwa miezi 18, akaja kuachiwa Februari 2020. Unaweza kusema naye kamtukana mama wa mtu asiye na hatia, na mimi hapo huwa nakwama kidogo. Ila alichukua silaha mnayotupiga nayo kila siku akamgeuzia mkubwa mwenyewe, na ghafla serikali nzima ikaumia. Sisi tukipigwa nayo stendi mnasema punguza mdomo konda twende.

Wakili wa Kijiweni

Mkorofi nakupa tano. Ila umetia chumvi, ya baba nayo yapo.

Binti Mkorofi

Taja moja linalouma. Nasubiri.

Kibajaji

"Babako" ... hapana hili ni salamu 😂 ngoja nifikirie

Otis wa Umoja

Huku ukiambia mtu "babako" anakuuliza unamjua?

Wakili wa Kijiweni

Nimelipata. "Hujulikani baba yako ni nani." Hilo linatoa ngumi popote.

Binti Mkorofi

Na aliyetukanwa hapo ni nani, baba?