Mnachoraje bahari bila kuchora jahazi na mnazi?

Muuliza: Wadau habari za jioni, niko Bagamoyo, nataka kuchora pwani yetu lakini isiwe zile picha za watalii, nataka rangi tu na ile hali yenyewe. Mnaanzia wapi? Halafu rangi yangu ya akriliki inakauka kabla sijamaliza kuichanganya!

Jibu 1: Mi naenda Kaole, hapo karibu na Bagamoyo, alfajiri maji yakiwa yamekupwa, rangi sibebi kabisa, penseli na daftari basi, nakaa hata lisaa naangalia matope na mikoko, kile kijivu chenye zambarau kwa ndani, yaani wee! Nikirudi home ndo napaka kwa kumbukumbu, kilichonitoka kichwani nakiacha.

Jibu 2: Akriliki inyunyizie maji kidogo kwenye sahani na usipake juani. Ukitaka muda zaidi hamia rangi ya mafuta, hiyo inakaa siku kadhaa.

Jibu 3: Rudia sehemu ileile ndugu, mchoraji Monet wa Ufaransa alichora kanisa la Rouen zaidi ya mara 30 miaka ya 1890, alichokuwa anafukuzia ni mwanga tu.

Muuliza: Asanteni sana, kesho maji yakitoka niko Kaole.