Tupeane uzoefu: Mlianzaje Python ya kiwango cha kati?

Mleta mada
Wakuu, salaam. Najifunza Python, lugha ya kuandikia programu, na ya mwanzo nimeimaliza: lupu, orodha, kamusi, funksheni, vyote naviandika bila kuchungulia popote. Wiki iliyopita nimeingia kozi ya kati ya kutengeneza programu, na siku ya kwanza nikakwama hata kabla ya kuandika mstari mmoja. Tuliambiwa tuweke maktaba fulani (msimbo ulioandikwa tayari na wengine) kwa amri ya `pip install`. Nikaweka. Kuendesha programu: `ModuleNotFoundError`, yaani maktaba haionekani. Nikaweka tena, `pip` ikasema ipo tayari. Kuendesha: kosa lile lile. Nimehangaika hadi usiku ndipo nikagundua kompyuta yangu ina Python mbili. `Pip` inapeleka maktaba kwa moja, programu inaendeshwa na nyingine. Sasa naandika `python -m pip install`, ili Python ninayoitumia ndiyo ipokee.

Mlioko mbele, nyie mlikwama wapi na mlitokaje?

Mchangiaji 2
Pole sana mkuu. Hapo ndipo wengi hukata tamaa wakidhani hawana akili ya programu, kumbe bado hata hawajaanza kuandika programu yenyewe.

Mimi nilikuwa na miradi miwili. Mmoja ulitaka toleo la zamani la maktaba, mwingine toleo jipya. Nikaweka jipya, ule wa kwanza ukagoma siku hiyo hiyo. Tangu hapo kila mradi una folda yake, na ndani yake naanza na `python -m venv .venv`, inayotengeneza mazingira ya Python ya mradi huo peke yake, kisha nayawasha mazingira hayo ndipo niweke maktaba. `venv` imo ndani ya Python tangu toleo la 3.3 la mwaka 2012, ingawa baadhi ya mifumo ya Linux inakutaka uiongeze kama kifurushi. Maktaba zangu naziorodhesha kwenye `requirements.txt`. Hiyo faili ndiyo inaingia Git, programu ya kutunza historia ya msimbo. Folda ya `.venv` haiingii.

Mchangiaji 3
Yangu ilikula Jumamosi nzima. Zoezi lilikuwa mchezo wa kubahatisha namba, nami faili nikaliita `random.py`. Ndani yake: `import random`, halafu `random.randint(1, 100)`. Jibu: moduli `random` haina kitu kinachoitwa `randint`. Nikafuta Python, nikaiweka upya, kosa palepale.

Sababu ni kwamba Python huanza kutafuta kwenye folda ya programu yako kabla ya kwenda kwenye maktaba zake, kwa hiyo faili langu lilikuwa linajiita lenyewe. Na ripoti ya kosa ilikuwa imenionyesha njia ya faili langu muda wote! Nilikuwa nasoma mstari wa mwisho tu. Anza na huo wa mwisho, sawa, lakini panda juu uone kosa limepitia faili gani. Kuanzia Python 3.13 ya 2024 inakudokeza ubadilishe jina la faili. Nawaonea wivu mnaoanza sasa.

Mchangiaji 4
Dada yenu nilipita usanidi salama, nikaja kukwama kwenye hii:

```
def ongeza(kitu, orodha=[]):
    orodha.append(kitu)
    return orodha
```

Nikaita `ongeza("kalamu")`, nikapata `['kalamu']`. Vizuri. Nikaita `ongeza("kitabu")`, nikitegemea orodha mpya, ikaja `['kalamu', 'kitabu']`. Nilikodoa macho. Ile kalamu imetoka wapi?

Orodha ile tupu hutengenezwa mara moja tu, Python inapopita kwenye `def`. Kila mwito usioleta orodha yake unatumia ile ile. Dawa ni kuandika `orodha=None`, na ndani ya funksheni: `if orodha is None: orodha = []`.

Nilikaa na mistari hiyo mitatu siku mbili na sijutii, kwa sababu hapo ndipo nilipoelewa kwamba `b = a` hainakili orodha; inaipa orodha moja jina la pili. Klasi (violezo vya kutengenezea vitu kwenye programu) zilipofika sikusumbuka. Nawasihi msiliruke hili mkikimbilia kutengeneza tovuti.

Mchangiaji 5
Naunga mkono, na niongeze la kwangu. Nilimaliza nusu ya kozi kwa kutazama video na kunakili. Kila kitu kilikuwa kinafanya kazi. Nikafungua faili tupu nitengeneze programu ya kusoma faili la CSV (jedwali la maandishi yaliyotenganishwa kwa mkato) na kujumlisha safu moja, nikashindwa hata pa kuanzia. Nilirudi somo la kwanza. Kila somo likiisha nafunga video, naandika upya kwa kichwa, kisha naandika jaribio moja la pytest, zana ya kujaribu msimbo, kuona kama inatoa jibu sahihi. Nimeenda polepole mno, lakini sasa naandika.

Mleta mada
Asanteni kwa moyo wote. Nimeanza folda upya, `.venv` ipo. Nimeiandika ile ya dada hapo juu kwa mkono wangu, na kalamu imerudi vile vile! Kesho ni somo la dekoreta, ile njia ya kuifunika funksheni kwa nyingine. Mliopita huko, msiondoke kwanza.