Naomba ushauri: michezo ya maji Orlando bila kushinda tumelowa

Habari zenu ndugu. Mwezi wa saba tunakwenda Islands of Adventure, bustani ya burudani huko Orlando, Marekani. Watoto wameng'ang'ania Popeye & Bluto's Bilge-Rat Barges, boti la duara la watu 12 ambalo halimwachi mtu mkavu. Kulowa si tatizo, joto la Florida ni kali. Shida ni saa zinazofuata: nguo kuganda mwilini, mapaja kuchubuka, viatu vimejaa maji na bado kuna kutembea. Mama yangu anavaa hijabu na anatamani sana kupanda nasi. Kitambaa gani hukauka haraka bila kuonyesha mwili? Koti la mvua la plastiki linasaidia kweli, au maji huingilia shingoni? Na miguuni, raba au sendozi zenye mkanda wa nyuma? Mliokwisha kwenda na wazee, nisaidieni.